Korongo wa Uani: Historia ya Umusambi Katika Nyumba Zetu

Kabla hatujaingia katika historia, tuanze na neno moja. Kamusi ya Kiswahili itakupa maana mbili za neno korongo. La kwanza ni ufa mpana wa ardhi uliochimbwa na maji ya mvua, nalo hufuata ngeli ya LI-YA: korongo hili, makorongo haya. La pili ni ndege mwenye miguu mirefu, naye, kwa kuwa ana uhai, hufuata ngeli ya A-WA: korongo huyu, makorongo hawa. Kinyarwanda nacho kina fumbo la aina hiyo. Umusambi ni mkeka wa kukalia, na umusambi pia ni korongo mwenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu kichwani. Makala haya yanamhusu umusambi mwenye mabawa, na jinsi alivyokaribia kugeuzwa pambo la nyumba kama ule mkeka.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Rusizi, enzi zile mkoa wetu ungali ukiitwa Cyangugu. Siku moja kijana alipanda kutoka bonde la Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, akiwa amebeba kinda la umusambi ndani ya kikapu. Baba akamnunua. Kinda lilipoanza kupiga mabawa, manyoya ya bawa moja yalikatwa kwa mkasi, na kila yalipoota upya yalikatwa tena. Kwa ajili ya taji lake tulimwita Mwami, yaani mfalme. Alikula maharage na makombo ya ugali. Wageni walipofika, mama aliwakalisha upande wa dirisha ili wamwone vizuri.

Kulikuwa na ndoo mpya ya bati pale uani. Asubuhi nyingine Mwami alisimama mbele yake, akainamisha kichwa, akakunjua mabawa na kurukaruka. Sisi watoto tulicheka na kumpigia makofi, tukidhani anatuchezea sisi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba makorongo huchezeana hivyo wao kwa wao, na kwamba dume na jike wakishaoana hukaa pamoja maisha yao yote. Ndipo nilipoielewa ile ndoo: ndani ya bati lililong'aa alikuwa akimwona korongo mwingine. Alikufa katika mwaka wake wa tatu, ilhali ndege wa jamii yake huweza kuishi zaidi ya miaka 20.

Simwandiki baba yangu kama mkosaji. Alifanya jambo ambalo katika siku zake lilihesabiwa kuwa la heshima. Katika utamaduni wa Wanyarwanda umusambi ni ishara ya utajiri na ya maisha marefu, na uzuri wake husifiwa katika mashairi na ngoma. Aliyekuwa na umusambi uani alikuwa akitangaza kwamba nyumba yake ina neema. Desturi hiyo haikubaki katika nyumba za watu tu. Hoteli nazo zilipenda kuwatembeza ndege hao bustanini mbele ya watalii. Tatizo ni kwamba ishara ile ilitegemea ndege aliye hai bondeni, na kila mtu alitaka kuileta kwake. Umusambi hujenga kiota kwenye kinamasi na kwa kawaida hutaga mayai mawili au matatu tu. Akitekwa, ni nadra sana azae. Kwa hiyo kinda lililoingia kikapuni lilipungua bondeni milele, lenyewe pamoja na uzao wake wote. Vinamasi navyo vilikuwa vikipungua kwa sababu ya kilimo. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilimweka ndege huyu katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Jirani zetu wa Uganda, ambao wamemweka katikati ya bendera yao tangu uhuru mwaka 1962, nao wamemwona akipungua.

Mabadiliko nchini mwetu yalianzishwa na daktari wa mifugo wa Kinyarwanda, Olivier Nsengimana, ambaye awali alikuwa akiwatibu sokwe wakubwa wa milimani. Mwaka 2014 alipata tuzo ya Rolex inayotolewa kwa vijana wenye miradi ya manufaa, na baadaye akaanzisha shirika la uhifadhi wa wanyamapori la Rwanda, linalojulikana kwa kifupi chake RWCA. Napenda wanafunzi wangu wautazame kwa makini mkakati wake. Angeweza kuanza na polisi, lakini alianza na redio. Kila aliyekuwa na umusambi nyumbani aliombwa ajitokeze amwandikishe, akiahidiwa kwamba hatashtakiwa. Watu walipiga simu. Madaktari wa wanyama walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawapima ndege na kuwavika pete mguuni. Zaidi ya ndege 200 waliandikishwa kwa njia hiyo. Fikiria kama wangetishwa: wangapi wangechinjwa usiku na kuzikwa nyuma ya nyumba?

Waliokuwa na afya walipelekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera, upande wa pili kabisa wa nchi ukilinganisha na kwetu Rusizi, wakatunzwa huko mpaka manyoya yao yakaota na wakaweza kuruka. Wengine hawakuweza tena, maana mabawa yao yalikuwa yamevunjwa au kukatwa kiungo. Hao ndio waliotengewa kinamasi kilichofufuliwa pembezoni mwa Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village, ambapo wageni wanaweza kuwatazama wakitembea kwenye nyasi. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu chini ya makorongo 500 katika Rwanda nzima. Sensa za miaka ya karibuni zimepita 1,000.

Hapa kwetu mpakani habari hii ina sura nyingine. Ukivuka daraja la mto Rusizi uko Bukavu, na kutoka misitu ya Kongo hutoka kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndege ambaye Waswahili wamemtumia tangu zamani kama mfano wa anayekariri asichokielewa. Kwa kuwa huiga sauti ya binadamu, ametafutwa na wafugaji duniani kote, akasafirishwa kwa maelfu, na wengi wakafa njiani. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaonaswa porini. Mtoto wa Rusizi anayemtamani kasuku anapaswa kuambiwa safari hiyo ilivyo, hata kama anayeuzwa anasema jambo kwa sauti tamu.

Wapo wanaonijibu kwamba kumnyima mtoto umusambi ni kumnyima utamaduni wake. Hoja hiyo naiheshimu, lakini naona imetazama upande mmoja. Chukua desturi yetu ya kumpa mtoto jina. Siku ya nane baada ya kuzaliwa, watoto wa majirani waliandaliwa chakula, kisha kila mmoja akampendekezea mtoto mchanga jina. Tangu mwaka 2005 taifa limeichukua desturi hiyo na kuifanya sherehe ya hadhara, Kwita Izina, ambamo watoto wa sokwe wa milima ya Virunga hupewa majina. Sokwe wenyewe hawaletwi uwanjani. Wako msituni, hawajui hata kama wamepewa jina. Sisi pia tulimpa Mwami jina, ila tulitangulia kumkata bawa. Desturi ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali anapokaa mnyama.

Basi tufuge nini? Swali hili huulizwa sana darasani, na kila mnyama huja na historia yake. Ng'ombe sina haja ya kumweleza: mchezaji wa ngoma yetu bado hunyoosha mikono juu kama pembe zake. Mbwa ni habari nzito zaidi. Zamani alikuwa mwenzi wa mwindaji. Wakati wa Mauaji ya Kimbari yaliyofanyiwa Watutsi mwaka 1994, mbwa waliobaki bila wenyewe walikula maiti za watu, na askari wakawaua kwa wingi. Wapo wazee ambao hadi leo hawawezi kukaa karibu na mbwa. Mtoto anayemcheka bibi yake kwa kumwogopa mbwa wa jirani hana ubaya, hajaambiwa tu. Aambiwe, kwa maneno yanayolingana na umri wake, kabla familia haijaleta mbwa ndani ya ua ambao bibi naye anaishi. Na mbwa akija, aje na chanjo ya kichaa cha mbwa, chakula cha kila siku na mtu wa kumwangalia nyumba ikifungwa wakati wa likizo.

Binti yangu ana miaka sita. Tulipokwenda Kigali nilimpeleka kuwatazama makorongo wa Umusambi Village, na katika safari nzima ya kurudi, kupita msitu wa Nyungwe, aliomba tumpate mmoja. Nilimsimulia habari za ile ndoo ya bati. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa nini hatukumpelekea Mwami korongo mwenzake. Nikamwambia kwamba mwenzake alikuwa bondeni, na kwamba sisi ndio tuliomtoa huko.

Mwishoni tulikubaliana kuhusu paka. Bibi yake hana neno na paka, na panya wa stoo walikuwa wametushinda. Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo akachanjwa, na siku ya nane tukaketi mkekani, watoto wa jirani wakala wali, kila mmoja akataja jina. Baba yangu, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alipendekeza aitwe Mwami. Binti yangu akakataa, akasema paka hana taji.