Bokoboko la Usiku wa Kuamkia Idi

Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa na mizani jikoni mwake wala hakupata kuandika neno moja la upishi katika daftari. Walakini kila usiku wa kuamkia Idi, mwezi ukishaandama na watoto wa mtaa wakishachoka kushangilia, alikuwa akiketi juu ya kigoda mbele ya mafiga, ameinamisha kichwa, akiisikiliza ngano inavyotokota sufuriani, kama mtu amsikilizaye mgeni aliyetoka safari ya mbali. Na kwa hakika ngano ile ilikuwa mgeni, kwani kisiwa chetu cha Unguja si nchi ya ngano, na tangu dahari haikuwa na njia ya kutufikia ila bahari.

Ibn Battuta, alipoteremka Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuja Mombasa na Kilwa, aliandika kwa urefu juu ya chakula alichokirimiwa: wali wa samli katika sinia kubwa la mti, vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu pamoja na tangawizi na embe, lakini ngano hakuitaja. Pwani ilikuwa, na hata leo ni, nchi ya wali. Bokoboko limeshikamana na watu wa Omani, ambao huliita harisi, jina litokanalo na kitendo cha Kiarabu chenye maana ya kuponda, na ambao majahazi yao yalikuwa yakija na kaskazi na kurejea na kusi zama nyingi kabla ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830. Mabibi wa pwani walikipokea chakula hicho wakakipa jina la kwao, na kwa rai yangu hapana jina lililokifaa zaidi, maana ukilitamka polepole utasikia mwiko ukizama na kutoka.

Mama alikuwa akiiroweka ngano iliyotwangwa tangu adhuhuri, kisha akaitia motoni pamoja na kuku mzima, chumvi na kijiti cha mdalasini, na maji mengi kuliko ambavyo mtu asiyejua angeyadhani ya lazima. Kuku akishalainika aliepuliwa, akachambuliwa mifupa yote kwa vidole, akarudishwa. Na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo mimi, niliyekuwa mtoto wake wa mwisho, niliachiwa niishuhudie bighairi ya kufukuzwa nikalale. Bokoboko halisongwi kama sima, bali hupondwa: mwiko husukumwa mpaka chini, ukapinduliwa, ukavutwa juu, saa baada ya saa, hata nyama na ngano zisitambulikane, na ukiinua mwiko livutike mithili ya uzi. Mkono wake wa kulia ukichoka alishika kwa wa kushoto. “Usiuache mkono ukalala, mwanangu,” alikuwa akiniambia, “litashika chini.” Mara nyingi adhana ya alfajiri ilimkuta angali akiponda.

Alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki nilipopata kuisoma tafsiri ya kitabu cha upishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, na humo nikamkuta mama yangu. Mwandishi yule anaagiza nyama ichambuliwe mifupa na kurudishwa chunguni, ngano iliyotwangwa itiwe, ikorogwe robo ya kwanza ya usiku bila ya kuachwa, kisha ipikike hata usiku wa manane ndipo ipondwe barabara. Na akataja kuku, mdalasini, uzile na ndimu. Chakula hicho hicho Waarabu wa Hadhramaut walikwenda nacho Hyderabad, kikaitwa halimu. Mama hakujua habari ya Baghdad wala ya Hyderabad. Alijua alivyofanya mama yake, naye mama yake vivyo hivyo, na baina yao na kitabu kile ni zaidi ya miaka 700.

Idi iliyofuata nililipika mwenyewe. Nililimwagia samli ya moto na vitunguu vya kukaanga, nikaweka bakuli la sukari pembeni kwa ajili ya baba, ambaye hakulila bila ya sukari maisha yake yote, kisha nikapeleka sahani kwa majirani kwa utaratibu aliouweka mama, nikianza na bibi mmoja mkongwe wa nyumba ya pili. Akaonja, akanyamaza kitambo, akanirudishia sahani yangu ikiwa na tende, kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. “Umelipiga vizuri, mjukuu wangu,” akasema, “ila uzile umeupikia ndani. Mama yako akiunyunyiza juu, watu wakiwa wameshakaa kula.”

Nilirudi nyumbani nikakifungua tena kile kitabu, nikausoma ukurasa ule mstari kwa mstari. Uzile umewekwa mwisho kabisa, baada ya kupakua.