NJIA MBILI ZA GOMA
Historia fupi ya njia za miguu katika muji wetu na pembeni yake



Katika kitabu cha Yubile watu hupenda kusoma habari za majengo: musingi ulitiwa mwaka gani, nani aliyeezeka, kengele ilitoka wapi. Ni vema. Lakini mbele ya kila nyumba kulikuwa njia iliyowafikisha wajenzi. Na katika muji wa Goma nyumba nyingi zimekwisha kuzama chini ya mawe, lakini njia zake zimefufuka. Kwa hiyo inafaa kuandika kidogo juu ya njia ambazo wazee wetu walizipita kwa miguu, na ambazo sisi tunazikanyaga kila siku bila kuzifikiri.

Wahenga walisema: njia mbili zilimushinda fisi. Alisikia harufu ya nyama pande zote mbili, akataka kufuata zote mara moja, akaangamia. Lakini kwa mutu wa Goma mambo yamekuwa kinyume. Yeye njia mbili ndizo zilizomwokoa, na ole wake anayejua moja tu.

I. Muji usio na mto

Kisangani ni mutoto wa mto Kongo, na Kindu vilevile. Kule watu na mizigo yao walifika juu ya maji, na muji ukajengwa kwa kufuata ukingo. Goma haina mto hata mumoja. Sababu yake iko chini ya nyayo zetu. Muji umekaa juu ya mawe ya volkano, yale tunayoyaita makoro, nayo yamejaa matundu na nyufa. Mvua ikinyesha, hata ikiwa kubwa namna gani, maji yanazama ndani ya mawe na kushuka ziwani kwa siri. Ndiyo maana tangu zamani wamama na watoto wanashuka Ziwa Kivu kuchota maji, kiisha wanapanda tena na muzigo. Njia ya kwanza ya Goma ni hiyo: njia ya maji.

Tutazame sasa pande nne. Kusini ni ziwa, metre karibu 1.460 juu ya bahari. Kaskazini ni mulima Nyiragongo, wenye metre 3.470, na mbali yake haipiti sana kilomita 20. Mashariki ni mupaka wa Rwanda na muji wa Gisenyi, karibu sana hata nyumba zinatazamana. Magaribi ni barabara inayofuata ziwa mpaka Sake, na toka kule mutu anapanda Masisi ao kushuka Minova. Iko pia barabara ya Rutshuru, lakini hiyo inapita chini ya mulima wenyewe, kwa Munigi, Kibati na Kibumba. Basi siku mulima unapotapika moto, kaskazini hakuna pa kwenda, na kusini ni maji. Kwa mutu wa miguu zinabaki njia mbili: mashariki na magaribi. Historia yote ya Goma inapita juu ya mustari huo.

II. Njia za wazee

Tusifikiri kwamba njia hizi zilichorwa na Wazungu. Zamani za wazee watu wa pembeni ya ziwa walikuwa wanachuuza toka upande huu mpaka upande ule, kwa mitumbwi na kwa miguu. Toka magaribi ya ziwa, kwa Watembo, kulitoka bangili za nyuzi zilizoitwa butega. Hizo zilipita toka mukono hata mukono mpaka Rwanda, na watu walizitumia sawa feza. Hapakuwa na mupaka wa kufungua wala wa kufunga. Kulikuwa soko, ndoa na undugu.

Katika mwezi wa sita wa 1894 alifika Mujerumani mumoja, jina lake Gustav Adolf von Götzen. Alikuwa ametoka Pangani, pwani ya bahari ya mashariki, akiwa na wapagazi wengi. Alipanda Nyiragongo, akaona ziwa letu, kiisha akaendelea magaribi mpaka akatokea kwenye bahari ya Atlantiki. Vitabu vinasema kwamba yeye alivumbua. Sisi tuongeze kwamba alipita katika njia zilizokwisha kukanyagwa, na kwamba kila sanduku lake lilikaa juu ya kichwa cha mutu mweusi.

Nyuma yake wakubwa wa Ulaya waliketi kugawanya inchi. Kwa mapatano ya 1910 Wabelgiji na Wajerumani waliweka mupaka kati ya Goma na Gisenyi, na njia ya watu wa soko ikawa mulango wa serikali mbili. Miaka sita nyuma, katika vita kubwa ya dunia, majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yalivuka mupaka wa Ruanda, na mwezi wa tisa wa 1916 yakafika Tabora. Majina ya majenerali yameandikwa. Majina ya wapagazi waliobeba chakula na risasi, maelfu kwa maelfu, hayakuandikwa. Wengi hawakurudi kwao.

Juu ya jina la muji wetu, inasimuliwa kwamba linatokana na neno ngoma, na kwamba Wabelgiji hawakuweza kulitamka sawasawa. Kama ni hivi, basi hata jina letu ni la mwito: ngoma inapolia, watu wanashika njia.

III. Moto unapokata njia

Katika miaka ya 1938 mpaka 1940 ndugu ya Nyiragongo, mulima Nyamulagira, alimimina lava siku nyingi, nayo ikafika ziwani karibu na Sake. Barabara ya magaribi ilikatwa, ikapaswa kutengenezwa upya juu ya jiwe jipya. Hiyo ilikuwa onyo la kwanza kwa muji uliokuwa bado mutoto.

Tarehe 10 Januari 1977 ilikuwa zamu ya Nyiragongo. Ziwa la moto lililokuwa ndani ya kinywa chake lilitoboa mulima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ile ilikuwa nyepesi sana, ikakimbia kwa mbio ambayo mutu wa miguu hawezi kuishinda. Ilipita vijiji na mashamba, ikasimama karibu na uwanja wa ndege.

Tarehe 17 Januari 2002 haikusimama. Udongo ulipasuka toka mulimani mpaka karibu na Munigi, lava ikashuka, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya muji, usiku ikaingia ziwani. Katedrali ya Mutakatifu Yosefu iliharibika pamoja na maduka, shule na nyumba za watu. Watu zaidi ya laki moja walikosa makao. Na tazameni neno hili: muji ulikatwa sehemu mbili. Waliokuwa upande wa mashariki walikimbilia Gisenyi. Waliokuwa upande wa magaribi walikimbilia Sake. Baba aliyekuwa kazini alikwenda huku, mama na watoto wakaenda kule, na mustari wa moto ulikuwa kati yao. Wengi waliokoka kwa sababu njia zilikuwa mbili. Wengi walilia siku nyingi kwa sababu hawakuwa wamepatana wakutane wapi.

Siku chache tu nyuma, wakati mawe yalikuwa bado moto na moshi ukitoka katika nyufa, watu walianza kurudi wakivuka juu ya lava. Hakuna injenieri aliyewaonyesha pa kupita. Mumoja alijaribu, wa pili akafuata nyayo zake, na kabla ya machini kufika njia ilikuwa imekwisha kuonekana. Leo katikati ya muji tunatembea juu ya barabara iliyolazwa juu ya barabara. Ile ya wazee iko chini yetu.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, saa za jioni, mulima ulifunguka tena. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ambayo ni njia ya chakula chetu, ikala nyumba za Buhene, ikasimama mbele kidogo ya uwanja wa ndege. Usiku ule watu walitoka na magodoro kichwani, hawa kwenda Gisenyi, hawa kwenda Sake. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru kartiye kumi za muji zihame, ikionyesha njia ya Sake. Mamia ya maelfu walitembea, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Hapo ikaonekana wazi: aliyejua njia ya mupaka peke yake alihangaika, kwa maana siku hiyo aliambiwa aende upande mwingine.

IV. Upepo mubaya wa njiani

Njia ya magaribi ina hatari yake isiyoonekana, nayo wazee waliipa jina: mazuku. Ni hewa inayotoka chini ya udongo wa volkano, nzito kuliko hewa tunayovuta, isiyo na rangi. Inalala katika mabonde madogo na mashimo, toka upande wa Himbi na Keshero mpaka Bulengo, Mugunga na Sake. Usiku na asubuhi mapema, pasipo upepo, inajaa pale sawa maji katika bakuli. Mutu mukubwa anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake, lakini mutoto, mbuzi ao mutu aliyeinama anaanguka bila kelele. Wenye elimu ya volkano wa inchi za mbali wamepokea neno hilo letu la Kiswahili, nao wanaliandika katika vitabu vyao: mazuku. Basi haifai wana wa inchi hii walisahau. Ukikuta ndege ao panya wamekufa ndani ya shimo, usishuke kutazama.

V. Njia ya wakimbizi

Katika mwezi wa saba wa 1994 watu karibu milioni moja waliingia toka Rwanda kwa siku chache, na wengi walipita katika mulango huo wa Goma. Walilala Kibumba, Katale, Mugunga na pembeni ya Lac Vert. Kipindupindu kiliwaua makumi ya maelfu, na mawe yetu magumu yalikataa hata kuchimbwa makaburi. Katika mwezi wa kumi na moja wa 1996 mamia ya maelfu waliondoka Mugunga, wakakata muji mzima kwa miguu, wakarudi kwao kwa njia ileile waliyoijia.

Kiisha ikawa zamu ya wana wa inchi wenyewe. Waliotoka Masisi na Rutshuru walikimbilia Kanyaruchinya na Bulengo, na vita vilipofika ndani ya muji mwezi wa kwanza wa 2025, walipaswa kushika njia tena. Na njia ikifungwa, watu hujitupa majini. Tarehe 3 Oktoba 2024, wakati vita vilikuwa vimekata barabara ya Minova, mashua iliyojaa watu toka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku. Makumi walikufa wakiona pwani kwa macho. Tusiseme ni ziwa peke yake lililowaua. Kufungwa kwa njia kulisaidia.

VI. Tuzijue njia zetu

Lakini njia si ya kukimbia tu. Kila asubuhi kwenye Petite Barrière maelfu ya watu wanavuka kwa miguu, wamama wakiwa na nyanya, maziwa na vitambaa. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na kanyagio, inashuka toka milimani na viazi, makabichi na makala, na kijana anaisukuma tena kupanda. Muji umeisimamishia sanamu, na ni haki: miji mingine inasimamisha majemadari, sisi tumemusimamisha mubeba-muzigo.

Kwa Yubile hii naomba neno moja. Wakati amani inaruhusu, wababa na wamama wawachukue watoto wao watembee. Siku moja waanze bandarini, wapite pembeni ya mulima Goma, wapande mpaka Rond-point Signers na kwenye uwanja wa ndege, wakionyesha: hapa lava ya 2002 ilipita. Wamalize Birere na mupakani. Siku ya pili waende magaribi, toka Katindo mpaka Ndosho na Mugunga, wakifundisha mazuku yanalala wapi. Na kila nyumba ipatane mahali pawili pa kukutana, pamoja upande wa mashariki na pamoja upande wa magaribi, ili mutoto akiwa shuleni na baba sokoni wasitafutane ndani ya moshi.

Mulima haujazeeka. Utasema tena, siku tusiyoijua. Siku hiyo nyumba haitatufuata, hata kama tuliijenga kwa mawe ya kuchonga. Miguu yetu itatufuata, pamoja na yale tuliyowafundisha watoto. Fisi wa zamani hakujua kuchagua. Sisi tuzijue njia zote mbili, ili tuweze kuchagua.