Vali, si Neli Ombwe

Ndani ya redio kuukuu za sanduku la mbao zinazoletwa kwa mafundi wa Malindi na Kilifi kuna vichupa vya kioo vilivyosimama wima, kila kimoja na pini zake chini. Kwa istilahi za fizikia kichupa hicho kinastahili kuitwa neli ombwe: neli kwa umbo lake, ombwe kwa kuwa hewa imenyonywa ndani. Jina la pili, vali, limetoka kwa Waingereza. Majina haya hayalingani, na mimi naitetea vali.

Neli ombwe ni jina pana mno. Kioo cha televisheni ya chogo ni neli ombwe, na magnetroni inayopasha chakula ndani ya maikrowevu vilevile. Vali inataja kazi. Kama vali ya moyo, huruhusu mkondo upite upande mmoja na kuuzuia usirudi. Ndivyo John Ambrose Fleming alivyoielewa mwaka 1904: kathodi ikipashwa moto hutoa elektroni, nazo huvutwa na anodi bila kurejea. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza gridi, kiwavu cha waya katikati ya hizo mbili. Volti ndogo kwenye gridi hutawala mkondo mkubwa unaoelekea anodi. Kwa njia hiyo matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo, yaliyoanza mwaka 1954, yalifika pwani yetu yakiwa wimbi dhaifu na bado yakatikisa spika.

Ombwe lenyewe litajwe katika fasili, maana ndilo uhai wa vali. Juu ya kioo, au ubavuni, pana doa linalong'aa rangi ya fedha: ni bariamu, iliyowekwa inase hewa iliyobaki. Doa likigeuka jeupe, hewa imeingia, na vali hiyo haitengenezeki tena.

Lakini pwani, vali mara nyingi husingiziwa. Upepo wa bahari huleta chumvi inayotia kutu pini na soketi, na unyevu hupenya kapasita za karatasi. Kapasita inayopeleka sauti kwenye gridi ya vali ya mwisho ikivuja, gridi hupata volti chanya, vali hupitisha mkondo kupita kiasi, inapata moto hadi inakufa. Ukiweka vali mpya bila kubadilisha kapasita hiyo, nayo itakufa vivyo hivyo. Ndiyo maana fundi mwangalifu huanza na kapasita, kisha huiwasha redio kupitia globu ya taa iliyounganishwa kwa mfululizo. Globu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna shoti, azime mara moja. Asiguse ndani kabla ya kuondoa chaji, kwani kapasita kubwa zinaweza kubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa.

Jambo jingine la kuangaliwa liko katika herufi ya kwanza ya jina la vali za Ulaya. E, kama katika EL84, ni volti 6.3 za kupasha kathodi. D, kama katika DL96, ni volti 1.4 tu: hizo ni vali za redio za betri, zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba zisizo na umeme, zikitumia betri ya volti 1.5 kwa filamenti, yaani waya unaopashwa moto, na ya takriban volti 90 kwa anodi. Herufi hiyo isomwe kabla ya kuunganisha waya wowote, kwa sababu DL96 ikipewa volti 6.3, filamenti yake hukatika.