Kivuli cha Mvua

Kwetu kivuli ni neema. Msafiri hukitafuta adhuhuri, na wazee hucheza bao chini yake. Ndiyo maana mwanafunzi wa jiografia akikutana na istilahi "kivuli cha mvua" hudhani ni mahali penye ubaridi na unyevu. Kumbe ni kinyume chake: ni eneo lililo nyuma ya mlima, ambalo mvua huliruka na jua huliunguza.

Tutazame Kilimanjaro. Pepo za kusini-mashariki hutoka Bahari ya Hindi zikiwa na mvuke. Zikifika mlimani hulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, mvuke ukawa mawingu, na mawingu yakashusha mvua. Misitu ya mteremko wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na chini yake hustawi migomba na kahawa ya Wachaga. Hewa iliyokwisha kuutua mzigo huo hushukia upande wa kaskazini, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyopata joto na kuzidi kuwa kavu. Huko ndiko iliko Amboseli, inayopata takriban milimita 350 tu. Tembo wake hunywa kwenye vinamasi vinavyolishwa na maji yapitayo chini ya ardhi kutoka mlima huohuo.

Neno "kivuli" limechaguliwa vizuri kwa jambo moja: mlima huzuia mvua kama mti unavyozuia mwanga. Lakini kivuli cha mti hufuata jua. Hiki hufuata upepo, na istilahi yenyewe haiutaji. Vitabu hujazia kwa maelezo marefu: "upande unaoelekea upepo", "upande uliokingwa na upepo".

Mabaharia wetu wana maneno mafupi ya pande hizo. Upande wa chombo unaopigwa na upepo huitwa joshini. Wa pili ni demani. Tukiyapandisha mlimani, somo zima linaeleweka: joshini hunyesha, demani hukauka, na ukavu wa demani ndio kivuli cha mvua.

Maneno hayo hayafungwi na pwani yetu. Kusini mwa milima ya Andes pepo huvuma kutoka magharibi, hivyo Chile iko joshini, yenye misitu minene. Patagonia ya Argentina iko demani, nyika kavu. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo, akipewa ramani ya milima asiyoijua, ataanza kwa kuuliza upepo unatoka wapi.