Makosa ya binadamu viwandani huhesabiwa kabla ya ajali

Gatete na maeneo mengine ya Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, yanajulikana kwa michikichi na mafuta ya mawese. Mafuta hayo yakichanganywa na kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji, hupatikana sabuni. Kazi hiyo ina kanuni isiyopindishwa: soda hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya soda, mchanganyiko huweza kuchemka ghafla na kumrukia mtu machoni.

Katika kutathmini hatari, haitoshi kuandika kwamba wafanyakazi wanaijua kanuni hiyo. Sharti iulizwe pia ni lini anayeijua anaweza kukosea. Wataalamu hutenganisha kuteleza au kusahau, kukosea kwa kutoelewa, na kukiuka kanuni kwa makusudi, mara nyingi ili kuwahi. Mafunzo humfaa asiyeelewa, lakini hayamzuii aliyechoka kushika ndoo isiyo yake.

Mwaka 1983, Alan Swain na Henry Guttmann walichapisha nchini Marekani mwongozo wa kukadiria makosa hayo katika mitambo ya nyuklia. Msingi wake ni kugawanya idadi ya makosa kwa idadi ya nafasi za kukosea. Tuchukue mfano: mtu akikosea mara 1 katika 100, na kazi ikifanyika mara 10 kwa siku, kosa moja litarajiwe kila baada ya siku 10. Mkaguzi anayegundua makosa 9 kati ya 10 atalisogeza hadi siku 100. Hata hivyo, akimwamini mwenzake bila kutazama, faida hiyo hutoweka.

Tarehe 23 Machi 2005, mlipuko katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, uliua watu 15. Mnara ulijazwa kupita kiasi, huku kipimo kikionyesha kwamba kina kinashuka. Wachunguzi walibaini pia kuwa wahudumu walikuwa wamefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Kumlaumu mhudumu peke yake kungeacha kipimo kibovu na uchovu mahali pake.

Kwa mtengeneza sabuni, kinga si ya gharama kubwa: maji yapimwe kabla ya soda kufunguliwa, vyombo viwe vya rangi tofauti, miwani ivaliwe, na maji mengi safi ya kunawia yawe karibu.