Wagonjwa wa Akili wa Marekani na Fedha za Matunzo Yao

Katika mwaka 1955 hospitali za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa wa akili wapatao 559,000. Majumba yalijaa kupita kiasi, na wako walioingia humo vijana wakatoka maiti. Dawa ya kloropromazini, iliyoanza kutumika huko mwaka 1954, iliwatuliza wengi. Hapo watu wakapata kusadiki kwamba mgonjwa aweza kuuguzwa karibu na jamaa zake.

Rais John F. Kennedy, ambaye dada yake Rosemary alipasuliwa ubongo mwaka 1941 akabaki dhaifu maisha yake yote, alitia sahihi sheria ya vituo vya mitaani tarehe 31 Oktoba 1963. Vituo 1,500 vilikusudiwa. Siku 22 baadaye rais aliuawa. Sheria ile ilitoa fedha za kujengea, lakini haikuweka fungu la kudumu la kuwalipa wauguzi. Ikawa karibu nusu tu ya vituo hivyo ndivyo vilivyopata kuanzishwa.

Mwaka 1965 ulizaliwa mpango wa Medicaid wa kuwalipia maskini matibabu, gharama zikigawanywa baina ya serikali kuu na majimbo. Ndani yake mlikuwa na sharti zito: serikali kuu haikumlipia mtu mzima wa chini ya miaka 65 aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kusudi lake lilikuwa kuyazuia majimbo yasiutue mzigo wao wa zamani juu ya serikali kuu. Lakini kila jimbo liliona upesi kwamba mgonjwa akibaki hospitalini lilimlipia peke yake, na akitoka lilipata mshirika wa gharama. Milango ikafunguliwa kwa haraka kuliko vituo vilivyojengwa. Wazee wengi walihamishiwa nyumba za kutunzia wazee, ambazo mpango ulizilipia. Wengine walirudi kwa jamaa. Na wengine, wasiokuwa na wa kuwapokea, wakaishia njiani na gerezani.

Kufika mwaka 1980 waliobaki hospitalini hawakufika 140,000. Mwaka huo Rais Carter alitia sahihi sheria ya kuvitia nguvu vituo; mwaka 1981, katika utawala wa Reagan, sehemu yake kubwa ilifutwa.

Kumfungulia aliyefungwa ni wema mkubwa. Hata hivyo, wema huo haujatimia mpaka ajulikane atakayempokea nje, na atakayemlipa mwuguzi wake.