Kiswahili Sanifu Kilitoka Wapi, na Kwa Nini "Kitabu Yangu" Inakuletea Shida

Andika "kitabu yangu" kwa grupu ya WhatsApp yenye iko na mtu wa Dar ama wa Pwani, halafu hesabu sekunde. Utarekebishwa, utaambiwa Wakenya mnaua lugha, na hatakosa mmoja wa kurusha ile stori ya zamani ya Kiswahili kuzaliwa Zanzibar, kukua Tanzania, kuugua Kenya na kufia Uganda. Sawa, tumezoea. Lakini nani alikaa chini akaamua ipi ni sanifu na ipi ni takataka?

Jibu liko na tarehe. Kabla ya ukoloni kukolea, kila mji wa Pwani ulikuwa unabonga Kiswahili chake: Kiamu Lamu, Kimvita Mombasa, Kiunguja Zanzibar. Wamishenari nao walijigawa. Krapf aliandika Kimvita, Edward Steere akashika Kiunguja. Serikali za kikoloni zilitaka kitabu kimoja cha shule kitumike kote, so mwaka wa 1928 kukaitishwa mkutano. Kiunguja kikapita. Na mkutano ulifanyika wapi? Mombasa! Yaani umealika derby kwako nyumbani, na kombe linaenda na wageni.

Tarehe 1 Januari 1930 kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikaanza kazi. Ilipanga tahajia na kupitia vitabu kabla vichapwe, na mwaka wa 1939 zikatoka kamusi zenye jina la katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson.

Tangu hapo, mtoto wa Mombasa akiandika "mato" badala ya "macho," ama "ndoo" akimaanisha "njoo," anachorwa nyekundu. Hiyo si Sheng, buda. Hiyo ni lugha ya nyanyake, na ndiyo Muyaka bin Haji alitungia mashairi karne ya 19, wakati Nairobi haikuwepo hata kwa ramani.

Hapo tuwe wakweli kidogo. "Kitabu changu" haikutungwa na kamati. Lamu, Mombasa, Unguja, wote wanasema hivyo tangu kitambo. "Kitabu yangu" ni yetu sisi wa bara, wenye babu zetu walijifunza Kiswahili ukubwani, kazini na sokoni, kila mtu akitoka na lugha ya mama yake.

Lakini cheki hii neno "kitabu" yenyewe. Ilitoka Kiarabu, na kule hiyo "ki" si kiambishi, ni sehemu ya mzizi. Wingi wake kwa Kiarabu ni "kutub." Waswahili waliiskia, wakaona inafanana na kiti na kisu, wakasema "vitabu." Mtu wa sarufi ya Kiarabu angeshika kichwa. Leo ndiyo mfano wa kwanza ticha anakupatia akifunza ngeli ya KI-VI.

Na usidhani Nairobi hakuna sheria. Kitu yoyote isiyo na uhai inachukua "hii" na "yangu," zikiwa mob ni "hizi" na "zangu." Watu wanabaki na yao: huyu msee, hawa wasee. Ukitaka kusema unafanya kitu kila siku unaongeza "-anga": "naendanga," mahali sanifu inasema "huenda." Hiyo tuliazima kwa lugha za bara kama Kiluhya, na inakaa mwisho wa kitenzi tu. Iweke mbele uone vile mtaa utakucheka. Mtaa pia uko na polisi wake wa lugha.

Shida ni pale karatasi inaingia. Kiswahili kililazimishwa shuleni na 8-4-4 mwaka wa 1985, na KCSE iko na karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Mtahini hataki kujua umetoka Kayole ama Kisauni. Msee anaweza kuwa anabonga Kiswahili tangu azaliwe, kuliko hata lugha ya kina shosho, na bado aanguke mtihani wa Kiswahili.

Enyewe ngeli si za kusumbua watu tu. Chukua "kifuniko ya sufuria yenye ilipotea." Nini ilipotea, kifuniko ama sufuria? Kwa Kiswahili cha mtaa lazima uulize tena. Kwa sanifu, "kifuniko cha sufuria kilichopotea" inamaanisha sufuria iko, tafuta kifuniko. "Kifuniko cha sufuria iliyopotea," sasa kifuniko unacho lakini hakuna kitu ya kupikia. Herufi chache tu, na ushajua kama utakula.